Yai la Mnada

Mto Sabaki ulipokuja usiku haukubisha hodi.
Ulichukua mahindi yangu yakiwa yamebakiza wiki mbili,
ukachukua mbuzi wa Mama Nyevu pamoja na kamba yake,
ukaingia kanisani bila kupangusa miguu
ukaacha alama ukutani, rangi ya chai ya maziwa,
kimo cha mtoto wa darasa la pili.

Wiki ile ile Chengo alikuwa Malindi mjini,
juu ya paa la hoteli, anashona makuti.
Boriti ikakatika.
Sasa yuko wodi ya wanaume, mguu umening'inizwa,
na mwenye hoteli simu yake haipatikani.

Nilibaki na kuku mmoja.
Mweupe, shingo tupu, mkaidi.
Siku tatu za mafuriko alikaa juu ya paa la choo
akinitazama kama mdai.

Kisha ikafika Jumapili ya mavuno.
Mavuno!
Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, cha upande mmoja wa mdomo.
Nikamwambia Mungu: mavuno yangu yafuate baharini,
yamepita hapa juzi, waulize samaki.
Hakujibu.
Aliyejibu ni kuku, nyuma ya jiko:
yai moja, bado lina joto, limegandwa na unyoya.

Nikalifunga kwenye pembe ya leso
nikaenda nalo kama mtu aliyeficha kitu cha wizi.

Mabenchi yalikuwa bado yananuka tope.
Mezani palikuwa na mapapai mawili, asali nusu chupa,
boga lenye ufa.
Mwinjilisti Thoya akalinyanyua yai kwa vidole viwili.
"La Mbodze hili. Nani anaanza?"

Nilitazama miguu yangu.

"Kumi," akasema Nzai, ambaye hata jembe hana.
"Hamsini," akasema Sidi wa mandazi,
akalipa, akalirudisha mezani: "Liuzwe tena."
Akalinunua Kenga wa bodaboda. Akalirudisha.
Watoto wa shule ya Jumapili wakachanga sarafu,
wakalinunua wote kumi na mmoja,
wakalishika zamu kwa zamu
huku sisi wakubwa tumebana pumzi,
wakalirudisha, zima.
Thoya akapotelewa na hesabu.
Ndipo Mama Nyevu akainuka, akafungua fundo la leso,
akatoa noti ya mia mbili iliyoanikwa juani mpaka ikakakamaa:
"Nipeni mimi. Nitalifuga liwe mbuzi."

Ee Bwana, kicheko kile!
Kilinitoka tumboni, mahali nilipodhani pana njaa tu.
Nilishika benchi. Nilifuta machozi kwa leso yenye harufu ya kuku.
Nje mto ulikuwa bado unapita, mwekundu,
haujaomba radhi kwa mtu,
nasi ndani tulipiga vigelegele kwa ajili ya yai.

Elfu tatu, mia nne na tano.
Thoya akanipa mkononi, fedha na yai juu yake:
"Mpelekee Chengo."

Nililichemsha. Nikapanda gari mpaka hospitali.
Nilipomtajia bei, Chengo alicheka
mpaka mguu ukacheza kambani
na muuguzi akaja mbio akidhani ni maumivu.
Chumvi tuliomba kitanda cha nane, kwa Bwana Athmani,
naye tukamkatia kipande.
Yai moja, watu watatu.
Nilitafuna polepole, na sikuongeza sala,
maana sikuona pa kuiongeza.

Deni la hospitali bado lipo. Usinielewe vibaya.
Usiku mwingine naamka nikisikia maji yasiyokuwapo.
Lakini maganda nilirudi nayo, yamefungwa kwenye leso,
nikayasaga kwa jiwe asubuhi
nikamwagia kuku,
naye akadonoa, shingo tupu, mkaidi,
akanitazama tena kama mdai.
"Haya," nikamwambia, "tudaiane."